Muulize Mnunuzi Ameona Nini

Mtu aendaye sokoni kwa miguu yake, iwe ni Darajani huko Unguja au Marikiti ya Mombasa, hanunui kwa macho peke yake. Nguo huifikicha baina ya vidole apate kujua uzito wa pamba yake, mchele huuteka kwa kiganja akaupuliza aone chuya zake, samaki humfunua matamvua atazame wekundu wake, na baada ya hayo yote ndipo aulizapo bei. Biashara ya mtandaoni imemnyima mnunuzi vidole vyake, pua yake na ulimi wake, ikamwachia jicho tu, nalo halioni ila kile ambacho muuzaji amependa lionyeshwe, katika kioo cha simu kisichozidi upana wa kiganja. Kazi yote iliyokuwa ikifanywa na viungo vile imeiangukia picha, na picha yenyewe aghalabu hutazamwa kwa muda wa kufumba na kufumbua, kidole kikaipita kikaendea nyingine.

Ndiyo maana wauzaji wengi, kwa insafu inayostahili kusifiwa, wameacha kuzitegemea fahamu zao peke yao, wakaanza kutaka shauri la watu kabla ya kuitoa picha kadamnasi. Muuza madera wa Kariakoo huweka picha mbili katika stori zake za Instagram, ambako kura za namna hii zimewezekana tangu mwaka 2017, akawaomba wafuasi wake waguse ile waipendayo. Muuza viatu wa Nairobi hupeleka zake katika kundi la WhatsApp, nako kura zikaingia mwaka 2022. Huko Marekani jambo hili limekwisha kuwa kazi ya watu kuishi kwayo: kampuni kama PickFu humtafutia muuzaji makumi au mamia ya watu asiowajua, wakazitazama picha, wakapiga kura, na kila mmoja akaandika kwa maneno yake sababu ya kuchagua alivyochagua. Na katika soko la Amazon, ambalo sharti lake ni kwamba picha ya kwanza iwe na usuli mweupe kabisa, bidhaa ienee sehemu 85 katika 100 za fremu, na yasiwemo maandishi wala nembo za kubandika, wenye chapa zilizosajiliwa huruhusiwa kuwagawa wateja mafungu mawili kwa bahati nasibu, kila fungu likaonyeshwa picha yake, kisha mauzo ya huku na huku yakahesabiwa kwa majuma kadhaa.

Desturi hii naiunga mkono bila ya kusita. Mwenye bidhaa ndiye mtu asiyefaa kabisa kuihukumu picha yake peke yake, kwa kuwa kila aitazamapo huyaona ndani yake mambo ambayo hayamo: anaijua nguo kuwa ni nzito kwa sababu ameibeba, anakijua kiatu kuwa ni cha ngozi kwa sababu amekinusa, na hayo ayajuayo huyajaza mwenyewe katika picha, asitambue kwamba mgeni hayaoni. Lakini, pamoja na kuikubali, naona kwamba swali tunalowauliza watu ni dogo mno kwa uzito wa jambo lenyewe. Tunauliza ipi nzuri, ipi yavutia, ipi waipenda. Na hali picha ya bidhaa imebeba ahadi, maana muuzaji anamwambia mtu asiyekuwapo kwamba hiki unachokiona ndicho nitakachokuletea ukinipa fedha zako. Ahadi hupimwa kwa kueleweka kwake na kwa ukweli wake kabla ya kupimwa kwa utamu wa maneno yake. Rai yangu, basi, ni kwamba kura ya picha ianze kwa kumuuliza mtazamaji ameona nini na anatarajia kuletewa nini, na habari ya uzuri iulizwe baadaye, baina ya picha ambazo zimekwisha kuthibitika kuwa zasema kweli.

Na tuchukue kanga, kwa kuwa ni nguo isiyokosekana katika nyumba yoyote ya pwani, na kwa kuwa ni ngumu kuipiga picha kuliko mtu anavyodhani. Muuzaji wa Mtaa wa Biashara, Mombasa, tuseme ana picha mbili za doti moja. Katika picha ya kwanza msichana amejifunga kanga ufukweni, jua linakuchwa, upepo umeinua ncha, na wekundu wa nguo umekolezwa na nuru ile ya magharibi hata umekuwa kama wa kaa la moto. Mji, ile sehemu ya katikati, umekunjika, pindo laonekana upande mmoja, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya kanga, limepotea katika mikunjo ya kiunoni. Katika picha ya pili doti imetandikwa juu ya mkeka mchana, vipande vyote viwili vimo, jina lasomeka kwa urahisi, na mkono wa mtu umeinua ncha moja dhidi ya nuru ili mtazamaji akadirie unene wa pamba. Ukiwauliza wafuasi wako ipi nzuri, sina shaka kwamba wengi watakwenda na ile ya ufukweni, na watakuwa wamesema kweli, kwa kuwa ile ni nzuri zaidi.

Ila mwanamke aliyeko Maskati au London, anayetaka doti ya kumpelekea mamake mkwe, hana haja ya ufuko wala magharibi. Yeye huandika chini ya picha: “Dada, jina lake lasemaje? Ni doti nzima au kipande? Haichuji?” Maana kanga hainunuliwi kwa rangi tu, jina lake laweza kuwa dua, laweza kuwa shukrani, na laweza kuwa kijembe kwa jirani, na hakuna mwanamke mwenye akili zake atakayempa mkwewe kanga ambayo hajaisoma. Picha iliyoshinda kura imemficha jambo la kwanza alilokuwa akilitafuta. Lau wapiga kura wangeulizwa waeleze wanafikiri watapokea nini, kasoro hii ingefichuka kwa majawabu machache ya mwanzo: huyu angesema ataletewa kipande kimoja, yule angedhani ni nguo laini ya kuteleza, mwingine angeuliza kama blauzi ya msichana imo katika bei. Hapana hata mmoja katika hao aliye mjinga. Kila mmoja amesoma kwa uaminifu kile kilichoandikwa katika picha.

Jambo la pili linalonishughulisha ni nani anayeulizwa. Biashara ya pwani ya Afrika Mashariki ilikwisha kulijua jambo hili zamani, na hasara ya kulikosea ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Msafiri Henry Morton Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 kujitayarishia safari ya bara, iliyomlazimu ahoji wafanyabiashara Waarabu juu ya nguo na ushanga wa kuchukua, aliambiwa, na mwenyewe ameyaandika, kwamba ushanga mweusi ulikubalika Ugogo lakini kwingine haukuwa na thamani yoyote, kwamba Wanyamwezi walipenda mwekundu kuliko mwingine wote, na kwamba sungomaji, ushanga mkubwa uliothaminiwa Ujiji, ungekataliwa katika nchi nyingine. Angeliwauliza watu wa Forodhani, pale Unguja, ni ushanga gani mzuri zaidi, wangelimpa jawabu, na pengine jawabu lenyewe lingelikuwa la busara kuhusu shingo za wanawake wa Forodhani; naye angelifika Ugogo na mizigo ya wapagazi isiyoweza kununua hata kibaba cha mtama. Waliomfaa ni wale waliokuwa wamefika bara na kurudi, wakamwona mnunuzi akiukataa ushanga mkononi mwao.

Leo muuzaji huwauliza ndugu, marafiki, watu aliosoma nao, na kundi la wanawake wa mtaani, ambao wote wanampenda na wengi wao hawatanunua kitu chake abadani. Rafiki hupiga kura kwa mapenzi: huchagua picha aliyodhani mwenyewe ameipenda, au ile ambayo binamu yake yumo ndani. Kura 15 za watu waliowahi kununua kanga kwa njia ya simu, na hasa waliowahi kuletewa wasichokitaka wakairudisha, zina faida kuliko kura 300 za wafuasi waliokuja kutazama mitindo. Na kuwapata hao si kazi kubwa. Majina yao yamo katika daftari la mauzo, na aghalabu wao wenyewe watafurahi kuulizwa, kwa kuwa mteja aliyekosewa huwa na mengi ya kusema na hajapata wa kumwambia.

Habari ya hesabu nitaipitia kwa ufupi, ingawa ndiyo inayowapoteza wengi. Muuzaji anapoona kura 6 kwa 4 katika kundi la watu 10, hufurahi akasema mambo yamekwisha. Na tuseme picha zile mbili hazina tofauti yoyote, na kila mtu amechagua kama arushaye sarafu: matokeo ya 6 kwa 4, au yenye pengo kubwa zaidi ya hilo, yatatokea mara 3 katika kila 4. Kwa watu 50, kura 28 kwa 22 au zaidi ya hapo hutolewa na bahati tupu karibu mara 1 katika kila 2. Na hata 32 kwa 18, pengo ambalo kwa macho laonekana kubwa, bahati hulileta yapata mara 1 katika kila 15. Kwa hiyo kura chache zenye pengo dogo hazisemi lolote, na aliyebadili picha zake zote kwa sababu yake ameongozwa na upepo.

Huenda msomaji akasema kwamba zile sababu zilizoandikwa na wapiga kura ndizo zitakazotuongoza pale ambapo hesabu imeshindwa. Hapa napenda nikae kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mwaka 1977 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, waliandika juu ya jaribio walilolifanya dukani: walipanga juu ya meza jozi nne za soksi ndefu za nailoni za wanawake, wakawaomba wapita njia waseme ipi iliyo bora na kwa sababu gani. Watu walichagua, na walitoa sababu; huyu alisifu ufumaji, yule ulaini. Jozi zote nne zilikuwa sawasawa, hazikuhitilafiana hata kwa uzi mmoja. Iliyowekwa upande wa kulia kabisa ndiyo iliyochaguliwa zaidi, yapata mara nne kuliko ile ya kushoto kabisa, na hapana hata mmoja aliyetaja mahali soksi zilipokuwa; walipoulizwa kama mahali palikuwa na taathira katika uchaguzi wao, karibu wote walikana.

Hawakusema uongo watu wale. Waliulizwa jambo ambalo binadamu hana njia ya kulijua kwa kujitazama ndani, nao kwa adabu wakatoa jawabu lililoonekana kuwa la busara. Ndivyo ilivyo kwa mpiga kura wa picha anapoandika kwamba ameichagua ya pili kwa sababu rangi zake zimetulia: yamkini ni kweli, na yamkini ameichagua kwa kuwa ilikuwa karibu na kidole gumba chake. Dawa moja ya taksiri hii ni nyepesi, nayo ni kugeuza mpango, nusu ya watu waonyeshwe picha ya kwanza mbele na nusu nyingine waonyeshwe ya pili mbele. Lakini dawa kubwa ni kubadili swali. Ukimuuliza mtu kwa nini amependa, huna mizani ya kulipimia jawabu lake, wala yeye hana. Ukimuuliza ameona nini, jawabu lake unaweza kuliweka kando ya bidhaa iliyo mezani pako ukalipima: amesema vipande viwili, navyo ni viwili, amesema kitambaa kizito, nacho ni chepesi, basi picha imemdanganya, iwe ulikusudia au hukukusudia. Hapo kura imetoka katika bahari ya rai na kutia nanga penye kitu kinachoshikika.

Wako wanaoshikilia kwamba maneno yote haya ni kupoteza wakati, kwa kuwa soko lenyewe ndilo hakimu: ziweke picha zote mbili hewani, uwagawe wateja kwa bahati nasibu kama wafanyavyo Amazon, na ile iletayo oda nyingi ndiyo iliyo bora. Hoja hii ina nguvu, nami naiheshimu, maana mtu akitoa fedha zake amesema kwa dhati kuliko aliyegusa kitufe. Ila tuitazame hali ya nchi zetu. Sehemu kubwa ya biashara hii kwetu hulipwa mzigo ufikapo: bodaboda huuleta hadi mlangoni, mteja akaufungua, akautazama, na asiporidhika akaurudisha bila ya kutoa hata senti. Oda imehesabiwa, picha imeshinda, na muuzaji amelipa nauli ya kwenda na nauli ya kurudi. Muuza kanga mwenye faida ndogo kwa kila doti akirudishiwa mzigo mmoja huenda akahitaji kuuza doti kadhaa nyingine apate kuiziba nauli ile. Na lililo baya zaidi halimo katika hesabu: mteja yule hupiga picha yake mwenyewe, akaiweka kando ya picha ya duka, akaandika maneno ambayo sasa kila mtu anayajua, nilichoagiza na nilicholetewa. Jaribio linalohesabu oda na lisihesabu mizigo iliyorudi humzawadia muuzaji mwenye picha ya hadaa, na humfundisha aizidishe.

Sheria na dini zimekwisha kusema juu ya jambo hili, kila moja kwa njia yake. Katika hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Imamu Muslim yasimuliwa jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta unyevu chini ya ukavu wa juu. Muuzaji alipojitetea kwamba ni mvua, aliulizwa mbona hakuuweka ule unyevu juu watu wauone. Mafakihi wa Kihanafi walimpa mnunuzi wa kitu asichokiona khiyari ya kukirudisha pindi akionapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari azihitajizo ili afaidike nazo kwa ukamilifu, na Tanzania, kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ilikataza mwenendo wa biashara unaopotosha watu. Kila kimojawapo katika hivi kinamtaka muuzaji aweke unyevu juu. Kura inayouliza ipi yapendeza humsukuma kinyume chake, kwa kuwa hakuna mpiga kura atakayeupenda unyevu.

Si kusudi langu kuwafukuza wasichana ufukweni, wala kuitaka picha iwe kavu kama ya pasipoti. Uzuri una haki yake, na kanga iliyofungwa vyema mwilini yaonyesha jambo ambalo mkeka hauwezi kulionyesha, nalo ni jinsi nguo iangukavyo na jinsi mji ukaavyo mgongoni. Naomba tu kila picha ipewe kazi yake na ipimwe kwa kazi hiyo. Muuzaji amwonyeshe mnunuzi mmoja picha moja tu, kwa muda ule mchache ambao mtu huutumia kweli anapopitisha kidole, kisha aiondoe, amuulize: ulikuwa ukiuziwa nini, vingapi, kwa ukubwa gani, na ni jambo gani ungetaka kulijua kabla ya kutoa fedha? Majawabu ayaandike kama yalivyosemwa, asiyasahihishe. Picha ambayo watu 3 katika 10 wameielewa visivyo irudishwe ikapigwe upya hata kama imeshangiliwa na wote. Zitakazobaki, zote zikiwa za kweli, hapo ndipo pa kuwauliza watu wachague waipendayo, na picha ya ufukweni yaweza kushinda kwa haki, jina likiwa limeelekezwa upande wa mpiga picha.

Sehemu kubwa ya kazi iliyobaki iko mikononi mwa wenye masoko ya mtandaoni, ambao hadi sasa huwapa wauzaji habari tele za waliotazama na waliogusa, na kidogo mno za waliorudisha. Mzigo unaporudi, sababu aliyoitoa mteja isiishie katika rekodi za ofisi. Iandikwe mbele ya ile picha aliyoiona alipokuwa akiagiza, na muuzaji aisome siku hiyo hiyo, kando ya idadi ya oda zake. Muuza kanga akionyeshwa kwamba picha yake ya ufukweni imeleta oda 40 zikarudi 15, na ya mkekani imeleta oda 30 zikarudi 2, hatahitaji kura ya mtu yeyote kumwambia ipi aibakize, na mteja wake wa Maskati ataweza kulisoma jina la kanga kabla ya kutuma fedha.